Nilivyoziombea Seli za Murimi

Tangu wazazi wetu wafariki, mimi niliyeachia shule darasa la sita ndiye huwasikiliza madaktari kwa niaba ya wadogo zangu. Daktari alinieleza kwamba dawa mpya ya Murimi, kitinda mimba wetu, itazifanya seli za saratani zife zenyewe. Niliona haya kuuliza. Nikaitikia kwa kichwa, kumbe nimeshika neno moja tu: kufa.

Jumapili, kanisani Kianjokoma, nilisimama nikilia. "Bwana, isife hata seli moja mwilini mwa Murimi!"

"Amina!" kanisa zima likaitikia.

Nikarudia mara tatu, huku akina mama wakilia nami. Murimi, kofia ya sufu imefunika kipara chake, akanivuta sketi.

"Dada, keti tafadhali. Unaiombea saratani maisha marefu."