Ukuta wa Mama Koku

Leo fundi amenivua nguo bila kujua.

Hapa Igogo tunakarabati zile nyumba tulizojengeana enzi za Ujamaa, kila mwanachama wa ushirika akichanganya saruji kwa mikono yake, leo kwako, kesho kwangu.

Asubuhi ilikuwa zamu ya jirani yangu, Mama Koku. Fundi akachokonoa ukuta wa chumbani kwa kidole tu. Mchanga ukamwagika kama unga!

Akacheka. "Aliyejenga hapa alikuwa mwizi wa saruji."

Mama Koku akamkatiza. "Chunga mdomo wako, baba. Huu ukuta ni jasho la majirani zangu."

Kisha akanigeukia. "Si ndiyo, ndugu?"

Bado ananiita ndugu, jamani. Kama siku zile.

Nikaitikia, "Ndiyo, dada."

Na chai yake nikanywa.

Ukuta ule niliujenga mimi. Nyumba yangu ilikuwa imeshakwisha, ila sebule haikuwa na sakafu. Nikabeba mfuko mmoja wa saruji yake, kwake nikazidisha mchanga.

Hebu semeni, ninyi mngemwambia?

Nimekaa sebuleni naandika haya. Sakafu haina hata ufa.