Gauni la Kumi na Mbili

Kofi la shangazi lilinifikia kabla sijamaliza kusema neno "labda". Nilitaka kumwambia labda alihesabu vibaya. Niliona nyota kweli, za njano, mbili tu, moja kila jicho. Halafu nikaonja damu, maana jino lilikuwa limelichana shavu kwa ndani.

"Umempa nani?" akaniuliza. "Sema! Umemkatia nani kitambaa changu?"

"Sijakata, shangazi. Haki ya Mungu."

"Kwa hiyo ni panya? Panya kala gauni zima? Panya ana mkasi?"

Ningecheka, ila upande mmoja wa uso ulikuwa umekufa ganzi.

Nyuma yake, kwenye kamba iliyotoka dirishani hadi msumari wa mlangoni, yalining'inia magauni kumi na moja ya kijani kilichokolea, kama watu waliopanga foleni bila vichwa. La kumi na mbili lilikuwa bado ni karatasi ya kukatia, imelala mezani, na chini ya karatasi hapakuwa na kitambaa. Kilikuwa kimekwisha. Hakikubaki hata cha kola.

Yalikuwa ya wauguzi wa zahanati. Wauguzi kumi na wawili, rangi moja, Ijumaa asubuhi. Matroni alisema moja likipungua hata kishikizo, kazi ya mwaka mzima, yaani mashuka, mapazia na aproni zote, anaipeleka kiwandani. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Na shangazi hakuwa anaogopa kukosa kazi tu. Alikuwa anaogopa kurudi.

Shangazi ni dada yake baba. Alikuja kwetu miezi minane kabla ya hapo, mkono wa kushoto umening'inizwa kwa mtandio, na nyuma yake watu wawili wamebeba kasha la bati lililojaa vitambaa. Mimi napenda kuuliza, hata mwalimu wangu analalamika, kwa hiyo nilimuuliza kilichotokea, naye akanieleza huku anamenya viazi kwa mkono mmoja.

Mumewe ni fundi wa kuchomea vyuma. Siku aliyoumia, shangazi alikuwa amepiga magoti sakafuni, anabana pindo la suruali ya mteja, pini zimejaa mdomoni. Mume akamwita. Hakuitika, angeitikaje? Akamwita tena. Mara ya tatu hakumwita, alichukua mita ya mbao ya kupimia na kumshushia nayo. Mita ilivunjika kwenye alama ya sitini. Mkono ulivunjika juu kidogo ya kiwiko.

"Na pini?" nikamuuliza.

"Moja nilimeza."

"Ikaenda wapi?"

"Iliendelea na safari zake," alisema, akaokota kiazi kingine.

Alipokuwa anatoka na kasha lake, mume alisimama mlangoni akapaza sauti ili majirani wasikie: "Vitambaa vyako vikiisha, utarudi. Tena kwa magoti."

Tangu hapo shangazi alilipima kasha lile kila Jumamosi, kama mtu anayepima maji ya mtungi wakati wa ukame. Na hakupima kwa futi, ule utepe wa kupimia. Futi ya fundi, alisema, ni ya viuno na mabega. Kitambaa kirefu hupimwa kwa mwili, ndivyo alivyofundishwa na fundi aliyemlea kazini: unanyoosha mikono yote miwili, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo ni pima moja. Gauni la muuguzi linakula pima moja na nusu.

Kazi ya zahanati ilipokuja, nilimwambia akanunue mita tano za akiba. Kijani kile alikinunua zamani kwa Mzee Jora, muuza vitambaa, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa nacho. Shangazi akafungua kasha, akapima kifuani kwake, moja, mbili, tatu, hadi kumi na nane.

"Zinatosha barabara," akasema. "Siendi dukani."

Nilijua kwa nini haendi. Duka la Mzee Jora limepakana na karakana ya wachomeaji.

Sasa nilikuwa nimesimama pale na shavu linafura, yeye anapindua godoro langu, anatikisa mkoba wangu wa shule, vitabu vinapukutika sakafuni. Hasira yake ilikuwa na kelele. Nikamwambia kwa mbali, nje ya urefu wa kofi:

"Nionyeshe ulivyopima."

"Unanifundisha kazi?"

"Nionyeshe tu, shangazi. Simama ukutani."

Sijui kwa nini alikubali. Labda alitaka kuniaibisha. Aliegemea ukuta, akanyoosha mikono. Nikachukua chaki, nikaweka alama kwenye ncha ya kidole cha kulia, alama kwenye ncha ya kidole cha kushoto, na alama ya tatu juu ya kichwa chake, katikati. Alipoondoka nikapima kwa futi. Kulia, sentimita themanini na nne. Kushoto, sabini.

Nikapima tena. Sabini.

Mkono ule ulikuwa umeungana ukiwa umepinda, haunyooki. Mimi nilikuwa nauona kila siku ukiosha vyombo, na sikuwahi kufikiri kwamba ulikuwa mfupi. Yeye mwenyewe hakuwahi. Miezi minane alikuwa anashona nguo moja moja za majirani, ukitokea upungufu anasema ah, kitambaa kimerudi kilipofuliwa.

"Zimepungua kumi na nne," nikamwambia. "Kila pima. Na ulipima pima kumi na nane."

Nikaandika ukutani kwa chaki ile ile. Kumi na nne mara kumi na nane ni mia mbili hamsini na mbili. Mita mbili na sentimita hamsini na mbili. Gauni moja, na kola yake, na mikono yake, kamili.

Shangazi alizitazama zile tarakimu. Halafu akaupiga ukuta ngumi, kwa mkono ule ule mbovu, plasta ikamomonyoka ikaanguka.

"Kanivunja," akasema, "halafu bado ananikata kila siku."

Hakuniomba radhi. Alinitupia viatu vyangu. "Vaa. Tunakwenda."

Mzee Jora ni mwembamba, ameinama kidogo, na jina lenyewe alipewa kwa sababu hukumbatia majora yake ya vitambaa kama watoto. Alipotuona alitazama kwanza nje, upande wa karakana, ndipo akatabasamu.

"Fundi! Nilidhani umeacha ushonaji."

"Kijani kile. Kimebaki?"

Akakishusha rafuni, akakibwaga mezani, jora likajiviringisha mara tatu. "Hapa kuna kama mita tisa. Ndicho cha mwisho, kiwanda hakitoi tena rangi hii. Nikukatie ngapi?"

"Zote."

Nikamvuta nguo. "Shangazi, ni mbili na hamsini na mbili tu."

"Nyamaza wewe. Nikibeba zote, sitakanyaga hapa tena maisha yangu."

Nje, sauti ya mashine ya kusaga chuma ikakatika. Kimya kile nilikisikia mgongoni. Mlango ukaingia giza, na mume wa shangazi akawa amesimama pale, miwani ya kazi imepandishwa kwenye paji la uso, glavu moja mkononi. Nikamwamkia "shikamoo" kwa mazoea, halafu nikatamani niimeze tena.

Alikuwa anatazama kile kitambaa, anacheka bila sauti.

"Vimekwisha, siyo?" akasema. "Miezi minane tu. Nilikupa mwaka mzima, kumbe nilikukadiria vizuri mno."

"Nipimie, mzee," shangazi akamwambia Mzee Jora. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi.

"Asipime. Huyu anakwenda nyumbani." Akashika ncha ya kitambaa, akajizungushia ngumini, mara moja, mara mbili, akawa anamvuta shangazi nacho, kwa kuwa shangazi hakuachia upande wake. Akamvuta mpaka wakakaribiana. Ndipo akamkamata mkono wa kushoto, pale pale palipovunjika, akapabonyeza kwa kidole gumba.

"Loo, wamekuunga vibaya," akasema. "Ungekuja kwangu ningekuchomea."

Shangazi alitoa mlio ambao sitaki kuusikia tena.

"Bwana, si dukani kwangu!" Mzee Jora akasema, na akasukumwa kwa kiwiko hadi kwenye rafu, majora yakamwangukia moja baada ya jingine. Mimi nilimrukia mume wa shangazi nikamuuma kifundo cha mkono. Nilikuwa na ladha ya chuma na mafuta ya taa ulimini. Akanikung'uta kama mtu anavyokung'uta mdudu, paji langu la uso likakutana na ukingo wa meza, na damu ikaingia jichoni. Kwa hiyo yaliyofuata niliyaona kwa jicho moja, lakini niliyaona yote.

Mita ya Mzee Jora ni ya chuma. Shangazi aliishika kwa mkono wa kulia, ule wa sentimita themanini na nne, na hakuinyanyua juu sana. Aliipiga chini kwa ufupi, kama anayepasua kuni. Mfupa wa mkono wa mwanamume ulilia kama kijiti kikavu kinachovunjika. Akapiga tena hapo hapo. Jamaa akaachia kitambaa, akafungua mdomo, na mita ikamjia usoni kwa ubapa. Pua ikapasuka. Damu ikaruka ikatua kwenye ncha ya kile kijani, ikawa nyeusi.

Akaanguka, na hakuanguka chali. Alipiga magoti, amekumbatia mkono wake.

Shangazi alisimama juu yake na mita imenyanyuliwa. Mtu yeyote angeona kwamba kulikuwa na pigo la nne. Mimi nilikuwa nalitaka. Ni aibu kuandika hivyo, lakini nilikuwa nalitaka.

Aliiteremsha mita akaiweka mezani.

"Pima," akamwambia Mzee Jora.

Mzee alikuwa anajitoa chini ya majora, kofia imekaa upande. "Zo... zote tisa?"

Shangazi akamtazama mumewe pale sakafuni. Akautazama mlango.

"Mbili na sentimita hamsini na mbili," akasema. "Zilizobaki zirudishe rafuni. Nikizihitaji nitakuja."

"Ncha hii ina damu, fundi. Nianzie mbele yake?"

"Anzia hapo hapo. Damu inatoka kwa maji baridi na chumvi."

Wachomeaji wenzake walimbeba wakampeleka zahanati. Sisi tulikwenda nyumbani, na kile kitambaa kikafungwa kichwani kwangu njia nzima kuzuia damu. Kwa hiyo lile gauni la kumi na mbili lilikuwa na damu ya watu wawili, na ya kwangu ndiyo iliyotoka kwanza kwenye maji ya chumvi. Ya mumewe ilibaki doa dogo, kama ukucha. Shangazi aliligeuzia ndani ya pindo.

Ijumaa asubuhi tuliyapeleka magauni. Matroni aliyahesabu kwa kidole, mara mbili, kisha akawaita wauguzi wayavae pale pale ukumbini ili aone. La mwisho lilimwangukia muuguzi mfupi kuliko wote, likaburuta chini.

"Hili linapunguzwa sasa hivi au ninalirudisha," matroni akasema.

Shangazi akapiga magoti sakafuni, akajaza pini mdomoni, akaanza kukunja pindo. Mimi nilikuwa nashika mwisho wa futi, maana tangu Jumatano tunapima kwa futi.

Kwenye benchi la wagonjwa, hatua sita kutoka tulipokuwa, alikaa mume wa shangazi. Pua imefura, mkono una plasta nyeupe kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Alikuwa amekuja kufungwa upya.

"Wewe," akaita.

Shangazi akachomeka pini.

"Wewe, si nakuita?"

Pini nyingine. Wauguzi kumi na mmoja wa kijani waligeuka kumtazama, na yule wa kumi na mbili alisimama wima asilitikise pindo. Alimwita mara ya tatu, lakini ya tatu ilitoka chini chini, na alipotaka kuinuka ule mkono wa plasta ulimrudisha kwenye benchi.

Shangazi hakuharakisha. Alilizunguka gauni lote, pini kwa pini, akalivuta kuona kama limelala sawa. Akatoa pini ya mwisho mdomoni. Ndipo akageuza shingo.

"Ulikuwa unasema?" akamuuliza. "Nilikuwa na pini mdomoni."