Fainali ya Marekani na Nywele za Mwanangu

Mpaka leo mume wangu anawaambia watu kwamba nilimharibia fainali. Sawa. Basi aseme na yeye aliharibu nini.

Siku ile tulikuwa tunamfanyia akika binti yetu wa kwanza. Ilikuwa Jumatatu, siku ambayo mume wangu hana zamu ya ulinzi na shehe wetu hapa Bellevue, huku kusini mwa Afrika tulikohamia, anapatikana. Kwetu Tanga mtoto hanyolewi kimyakimya. Mbuzi anachinjwa, maulidi yanasomwa, na watu wakifika pale pa kusimama kumswalia Mtume, baba anambeba mtoto na kupita naye kwa wanaume, kila mmoja anamkata kinywele kidogo huku marashi yananyunyizwa. Mama yangu hajawahi kumshika mjukuu wake. Alikuwa kwenye simu ya video, simu kashika jirani yangu, msusi wa Kikongo. Alitaka kitu kimoja tu: amwone mtoto amebebwa na baba yake mbele za watu.

Wanaume walikuwa uani kwenye mikeka. Mume wangu yuko sebuleni na mwenzake wa kazini, macho kwenye mpira wa Marekani. Ule wa kofia ngumu: wanagongana, wanasimama wanajadiliana, wanagongana tena. Aliuzoea kwa bosi wake Mmarekani, huko anakolinda geti.

"Baba mtoto, wanakaribia kusimama."

"Dakika mbili tu. Pointi zimelingana, na mpira wanao hawa wa bluu."

Dakika mbili za mpira ule hazina mwisho. Nikarudi, mtoto begani.

"Eish, wametoka sare!" akadakia yule mwenzake. "Wanaongezwa muda! Shemeji, fainali kama hii ukiikosa laivu, umekosa."

"Ni laivu?"

"Laivu kabisa. Kwani huoni?"

Niliona. Niliona uwanja una taa, na juu yake mbingu nyeusi tii. Mimi jiografia nimeisoma mpaka kidato cha nne. Kwetu hapa ikiwa alasiri, kule watu ndio kwanza wanapiga mswaki.

"Hii imechezwa usiku wao wa jana, ikaisha sisi tumelala," nikasema. "Mnaangalia marudio, mabwana!"

Wakacheka. "Mwalimu huyo!"

"Mama mtoto, nenda kapakue pilau," akasema mume wangu.

Kapakue pilau! Nikachukua simu yake pale kwenye kochi, nikatafuta matokeo, nikayasoma kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: wa bluu wamefungwa, pointi tatu, muda wa nyongeza.

"Wewe mwanamke una roho mbaya!"

Nikajua sasa atanyanyuka. Wapi! Akageukia tena televisheni. Eti aone wamefungwaje. Na uani nasikia wameshasimama, sauti zimepanda.

"Nipe mtoto, nakuja," akasema, mkono kaunyoosha nyuma, uso hakuugeuza.

Sikumpa.

Nilitoka naye mwenyewe, nikaingia katikati ya wanaume, mahali ambapo mwanamke haingii. Msomaji mmoja akakosea mstari. Shehe akanitazama, akatazama mlango nyuma yangu, mkasi mkononi. Kama angenirudisha ningemjibu, Mungu anisamehe. Hakunirudisha. Akasogea, akamkata mwanangu unywele wa kwanza. Wengine wakafuata.

Jirani yangu alinifuata na simu mpaka pale, ameiinua juu. Mama aliona yote.

"Mbona umembeba wewe?" akauliza, na wote wakasikia. "Baba yake yu wapi?"

"Yuko Marekani, mama."

Marashi yakamwingia mtoto puani, akapiga chafya. Nikamfuta, nikampeleka kwa mwanaume aliyefuata.