Majivu ya Gatsata

Mwaka 1992, kiangazi kikiisha, mdogo wangu Haruna aliniandikia barua kutoka Kigali, alikohamia kushona nguo na kuoa. Moto wa wachoma nyasi ulikuwa umepita kwenye shamba la mkewe, Zainabu, kule Gatsata. Nyumbani kilibaki kikapu kimoja cha mbegu za maharage, maana msimu uliopita panya walifukua karibu kila kitu. Akauliza, je, moto umewamaliza panya hao? Kazi yangu ni kutega panya wa mashambani, hapa Morogoro, miaka kumi na miwili sasa. Nikafunga mitego, nikaondoka.

Siku ya tatu, mpakani Rusumo, askari alifungua mzigo wangu akauliza kama kwetu panya wamekwisha. Nikamjibu nawafuata ndugu zao. Hakucheka, lakini alinipisha.

Kabeza, mtaa anakokaa Haruna huko Kigali, nilifika jioni. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Haruna akinipokea mzigo. Zainabu, Mnyarwanda asiyependa kuzunguka maneno, alinisalimia kisha akauliza, "Shemeji, mbegu iko kidogo. Nipande au nisipande?"

Kesho yake tulikwenda shambani Gatsata. Mteremko ulikuwa mweusi hadi kwenye mfereji wa maji, na ng'ambo ya mfereji mabingobingo, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe, yalikuwa bado mabichi. Nilitega safu mbili katikati ya majivu, chambo karanga zilizopondwa na dagaa. Asubuhi tatu mfululizo mitego ilikuwa mitupu.

"Na pale huweki?" Zainabu aliuliza, akionyesha mabingobingo.

Nikamwambia shamba lake liko huku, si kule. Nilisema kwa sauti ya bingwa, Mungu anisamehe. Siku hiyo hiyo nikamwambia apande.

Siku ya saba tangu apande, baada ya mvua ya kwanza, tulikuta matuta yamejaa vishimo na maganda ya maharage. Aibu ilinishika, nikashindwa kumtazama shemeji yangu. Nikahamishia mitego kwenye mabingobingo, na asubuhi ilijaa panya, majike kadhaa wana mimba. Moto uliwasogeza tu. Chakula kilipoonekana, wakavuka mfereji. Virukanjia, wale wanaofanana na panya lakini hula wadudu, nao nilikuta wamejibanza humo humo. Hao hawana haraka, husubiri nyasi zifunike ardhi.

Tuliporudi Kabeza nilimwomba Zainabu radhi. "Nimekumalizia mbegu."

Akainama, akavuta kikapu kutoka chini ya meza ya kukatia nguo. Kilikuwa na maharage hadi nusu, yamechanganywa na majivu ya shamba lile lile yasiliwe na wadudu.

"Nusu nilipanda ya heshima yako," alisema. "Hii iko ya watoto."

Nilibaki wiki tatu, tukitega kando ya mfereji kila jioni, hadi ile nusu ya pili, aliyoipanda panya walipopungua, ilipotoa majani.

Wakati wa kurudi, askari yule yule aliniuliza kama niliwapata ndugu zao. Nikamwambia ndiyo, ila shemeji yangu alijua walipo kabla yangu. Siku hizi nikiitwa kwenye ardhi iliyoungua, mitego naiacha kwanza ndani ya mfuko. Namtafuta mwenye shamba, namwuliza moto uliishia wapi.