Dainamo ya Gari la Babu

Tulipoambiwa tuhame milimani, jirani na Muyama, tukakae kijiji kipya cha Rungwe Mpya, bibi alikubali kwa sharti moja: apelekwe kwa gari la marehemu babu. Miguu ilikuwa imemvimba, kutembea hawezi. Machela hakutaka hata kuisikia. Kwetu mgonjwa hubebwa kwa machela mabegani, na maiti vilevile, na aliye mbali hawezi kujua ni yupi.

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa, lakini gereji za Kasulu nilikuwa nimeshinda sana. Safari yote nilishaiona kichwani: bibi amekaa mbele na kitenge chake kipya, mimi napiga honi, watoto wanakimbia nyuma.

Gari lilikaa mteremkoni, maana bila kuserereka haliwaki. Likawaka. Taa nyekundu ya chaji, inayotakiwa kuzimika injini ikishika, ikabaki inaniangalia. Nikakagua mkanda wa feni, umekaza. Nikakwangua vichwa vya betri, taa ileile. Mwisho nikazitoa nyaya za dainamo, ndiyo inayochaji betri, nikaifungia balbu peke yake. Dainamo nzima lazima iiwashe. Nikakanyaga mafuta mpaka kuku wakatawanyika. Balbu haikuonyesha hata wekundu.

Nikaifungua, nikaipeleka Kasulu kwa fundi umeme, mzee mmoja wa Kiislamu aliyetokea pwani. Aliipasua, akanisogezea puani.

"Nusa."

Ilinuka kuungua.

"Nyaya za ndani zimekwisha, mwanangu. Waya wa kuisuka upya mimi sina."

Dereva wa basi nilimwagiza aniulizie nyingine Kibondo. Aliporudi alikuwa anatikisa kichwa kabla hata hajasimamisha basi. Nikamrudia fundi na betri yangu: je, betri peke yake haiwezi kutufikisha? Akasema kwa mchana, taa zikiwa zimezimwa, inaweza, kama betri yenyewe ni nzima. Alisema hivyo bila kuniangalia. Akanichajia, nikaifunga kwenye baiskeli, na njia nzima nilikuwa naimba.

Asubuhi ya kuhama gari liliwaka. Bibi alikaa mbele, mkono dirishani, akiwaaga migomba na watu bila kubagua. Nyuma yetu wajomba walifuata kwa miguu na mizigo. Tulishuka kilima cha kwanza vizuri. Kupanda cha pili injini ikakohoa, ikanyamaza.

"Tumefika?" bibi aliuliza.

"Bado, bibi."

Nikagusisha waya kwenye betri, hakuna cheche. Betri ilikuwa imekaa tupu muda mrefu mno. Chaji iliingia, lakini haikuwa na pa kukaa. Dainamo ilipokufa, ilikuwa imekwenda na betri. Nilibaki nimeinama chini ya boneti ili bibi asinione uso.

Wajomba walitua mizigo, wakaingia porini kukata miti ya machela. Walipomlaza bibi juu yake, mmoja akataka kumfunika jua kwa kitenge. Bibi akaushika mkono wake.

"Uso mniachie wazi. Waone naangalia."

Mimi nilishika mti wa mbele. Mbele kidogo tulikutana na wanaume wanatoka shamba. Walituona tungali mbali, wakasogea kando ya njia, wakavua kofia.

"Mwakeye," bibi akawaamkia. Sauti yake ilikuwa ndogo, na sisi tulikuwa tunahema kwa mlima.

Walibaki wameinamisha vichwa mpaka tukapita.