Majani ya Uwanja wa Ndege

Mimi ndege sijapanda hata moja, lakini ndege ilishanirushia damu usoni. Kaa hapo nikuambie.

Nilikuwa mke kijana, nimeolewa huku juu mlimani kwa Wameru, kwenye kahawa na migomba. Ng'ombe wetu tulikuwa tunawafungia ndani, maana huku hakuna pa kuchungia, kwa hiyo sisi wanawake tulishuka chini kukata majani. Mume wangu alikuwa amepata kazi uwanja wa ndege, upande wa Olasiti. Unajua kazi gani? Kufukuza ng'ombe! Ndege ikisikika tu, yeye huyo na kiboko chake, anaswaga mifugo ya Waarusha, wafugaji wa huko chini, halafu anapunga bendera rubani ajue kuko salama. Kaptula ya kaki, miguu imepakwa mafuta, eeh, mimi nilimwona kama gavana.

Mwanzoni kandege kenyewe kalikuwa kadogo. Kanabeba mifuko ya barua na wazungu wachache wamejikunyata kama kuku kwenye tenga. Watu wakasema hii ni ndege yetu, ya kampuni ya nchi zetu hizi za Mwingereza. Yetu! Hata bawa tulikuwa haturuhusiwi kuligusa. Basi kampuni ikanenepa, ikaleta ndege kubwa ya injini mbili, na hiyo kubwa ikataka barabara ndefu ya kutua. Wakafyeka, wakasogea, wakafyeka tena, mpaka wakaimeza njia ya Waarusha ya kupeleka ng'ombe mtoni. Toka hapo, kila ndege ikija, fimbo zinalia. Mume wangu alikuwa anarudi nyumbani jicho limevimba, mimi namkanda na maji ya moto huku namcheka.

Siku moja nimeshakata majani yangu pembeni ya uwanja, nimejitwika mzigo, nikasikia ndege inashuka. Katikati ya barabara kumesimama dume jekundu, nundu kama kichuguu. Mwenyewe yupo kando, Mwarusha mrefu, ameegemea rungu lake.

Mume wangu akapiga kelele, "Toa hilo dume! Hii ni barabara ya ndege!"

"Baba yangu alichunga hapa kabla bibi ya hiyo ndege hajataga!"

"Ng'ombe wako hana tiketi, mtoe!"

"Na wewe unayo, mbwa wa Mzungu?"

Mume wangu akalichapa dume. Likaruka, likakimbia vizuri tu, nikasema afadhali. Halafu, sijui ni ule mlio, likageuka na kurudi palepale ndege ilipokuwa imeshagusa chini. Lile panga la bawani linalozunguka likalipata shingoni. Mama yangu! Kichwa kikaenda huku, mwili huku, madirisha yote yakawa mekundu, ndege ikayumba ikasimama upande upande. Mimi pale kando nikajifuta uso, mkono ukarudi na damu. Ndani ya ndege kuna mama wa kizungu analia kama mbuzi.

Yule Mwarusha akalitazama dume lake, akalikamata rungu. Alikuja mbio. Rungu la kwanza likavunja mkono wa mume wangu, mkono uleule wa bendera, nikausikia unalia kwaa kama mua. Mume wangu akamchapa kiboko cha shingo kwa mkono uliobaki. Rungu la pili mbavuni. Akaanguka, na rungu sasa limenyanyuliwa juu ya kichwa, na wenzake wanakuja wanakimbia na sime.

Kwetu, Mmeru au Mwarusha, mtu akikunyanyulia majani mabichi, hupigi. Ukipiga, laana ni yako na ya watoto wako. Lakini pale barabarani majani yalitoka wapi? Walishakwangua yote! Majani yalikuwa kichwani kwangu. Nikautupa mzigo, nikachota mkono mzima, nikasimama katikati ya miguu ya mume wangu na ya yule mtu.

"Mama, toka," akaniambia. Anahema.

"Sitoki. Piga kama unaweza, nimeshika majani."

Akaniangalia. Mate yanamtoka, machozi yanamtoka. Akatema tusi chini, rungu likashuka. Wenzake nao wakasimama, sime zikarudi kwenye ala. Nikajua mume wangu amepona.

Kumbe bado. Mzungu wa uwanja akafika, amekuwa mwekundu kama lile dume. Hakuuliza. Akamchapa yule Mwarusha kiboko usoni, akamchapa tena, na yule mtu amesimama tu kama nguzo kwa sababu ya majani yangu! Nikamnyanyulia na Mzungu. Akanichapa vidole, majani yakatawanyika.

Hapo ndipo mume wangu alipoinuka. Mkono mmoja unaning'inia, akamnyang'anya Mzungu kiboko na kumtandika nacho mpaka askari wakaja kumbeba.

Kaptula ya kaki ilivuliwa palepale. Jela wakamcharaza viboko, alirudi mgongo kama shamba lililolimwa. Na siku aliyorudi, nani yuko mlangoni? Yule Mwarusha, uso una kovu, ameshika kondoo jike kwa kamba.

"Shika, paker," akasema. Ndivyo Waarusha wanavyoitana waliopeana kondoo. Mume wangu akampokea kwa mkono uliopinda.

Wakazeeka pamoja hawa, wanakunywa mbege ya ndizi hapa uani kwangu. Ndege za kampuni zikazidi kukua, zinapita juu ya migomba mpaka ng'ombe anavuta kamba zizini.

"Paker, mbona huendi kuipungia bendera?" anauliza Mwarusha.

Mume wangu anaunyanyua ule mkono, unagoma kupita usawa wa bega. "Nitapunga na nini? Si uliuvunja wewe!"

"Na dume langu nani alilichapa?"

Wanagombana hapo mpaka kibuyu kinakauka, halafu wote wawili wananigeukia mimi niliyewatenganisha kule uwanjani, niwaongeze mbege.