Tulisema Bibi Amekwenda Mombasa

Wiki iliyopita binti yangu alinipeleka kliniki baada ya kuikuta simu yangu ndani ya friji, na siagi kwenye mkoba wangu wa mkononi. Tulicheka mpaka machozi, lakini alinipeleka. Muuguzi, msichana mpole, alinipima shinikizo la damu, akaniambia nitembee kila siku, nipunguze chumvi, nilale vya kutosha, nisijifungie peke yangu, na nipange mambo yangu mapema wakati akili bado ni yangu. Kisha akauliza: "Mama, kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kusahau?"

Nikasema hapana. Neno lilitoka haraka, lenyewe, maana nililifunzwa nikiwa mtoto. Tulipofika mlangoni nilirudi nikamwambia ukweli, akauandika. Lakini nilikuwa nimekwisha kumkana bibi yangu mara nyingine tena, mtu mzima na mvi zangu, na aibu hiyo nimekuja nayo nyumbani. Kaa nikusimulie, rafiki yangu, labda itapungua uzito.

Tulikaa Kampala, chini ya kilima cha Lubaga, zile zama za utawala wa wanajeshi. Nyumba yetu ilikuwa ya mabati, na baraza yake ya saruji ilikuwa inang'aa kwa kukaliwa. Asubuhi kengele za kanisa kuu zilitukuta tumeshaswali, na Bibi alizisifu sana, akisema angalau wao hawachelewi kama muadhini wetu. Alikuwa mama yake baba. Wazee wake walikuja na biashara kutoka pwani, na ingawa yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, Kiswahili chao alikitunza kama vyombo vya wageni. Chetu sisi watoto wa Kampala alikicheka waziwazi. "Mnakikatakata kama nyama ya supu," alisema.

Nikifumba macho bado nasikia harufu ya majani ya migomba yakifuka mvuke juu ya matoke, na mchuzi wa karanga ukichemka pembeni. Kazi yangu ilikuwa kutwanga karanga, na kupanga foleni ya sukari na mama pale ikisikika imefika. Mara nyingi haikuwa imefika. Tulikunywa chai na kipande cha sukari guru kinywani, tukikinyonya polepole. Sabuni nayo ilikuwa adimu hivi kwamba kila nyumba ilificha mche mmoja sandukuni, haufui nguo wala haumwogeshi mtu. Huo ulikuwa wa maiti.

Najua kwa sababu Bibi ndiye aliyeosha maiti wa kike mtaani kwetu. Ndiye pia aliyewasinga mabibi harusi, akiwasugua manukato mwilini, akawaogesha, akawafukiza udi na kuwatoa ukumbini kwa nyimbo na vigelegele. Mikono ile ile kwa kazi zote mbili, na nguo zake zilinukia marashi na karafuu maiti kwa pamoja. Watu wakimtania juu ya hilo alijibu, "Mwosha huoshwa. Kwanza harusi, halafu mengine." Wanawake watatu wa mtaa wa pili walikuwa wanafunzi wake, na kila Ijumaa alasiri walijaa kwenye mkeka wetu barazani, wakinywa kahawa na kumsengenya nani sijui.

Alipoanza kusahau hatukuita hivyo. Akitia chumvi kwenye chai tulisema amechoka. Akiniita kwa jina la shangazi aliyekufa zamani tulisema amenipenda. Siku moja mwuza makaa alimrudisha nyumbani kutoka Mengo, alikokuwa akiuliza njia ya nyumba ambayo amekaa tangu alipoolewa. Baba, aliyekuwa fundi cherehani, alimshukuru yule mtu na kumwomba asilitangaze.

Bibi mwenyewe hakujidanganya. Alasiri moja akichagua mchele alisema, "Wanangu, kichwa changu kinaanza kuniaga. Tuzungumze mapema. Kikienda, waambieni watu, na msiniondoe barazani. Na wewe mkwe wangu, jifunze kuosha, nyumba isikose mwoshaji." Mama aliziba masikio. "Usijichurie, Mama!" Baba akainuka akaenda kwenye cherehani yake. Bibi akaendelea kuchagua mchele, na mazungumzo yale hayakurudi tena.

Kisha likaja jambo la Bugolobi. Mke wa afisa mmoja wa jeshi alifariki kwa uzazi, msichana bado mbichi, na gari la jeshi likaja kumchukua Bibi. Nani angekataa? Tulikwenda sote, baba mbele na dereva, mimi na mama nyuma pamoja na Bibi na wanafunzi wake. Bibi akaingia chumbani na wanafunzi wake, sisi tukakaa nje na wafiwa, watu wengi na wote kimya.

Wale wanawake walilazimika kumweleza baba baadaye kwamba ilikuwa hina. Marehemu alikuwa na hina mikononi na miguuni, mpya kabisa. Bibi aliitazama, uso ukamchangamka, akaacha kata ya maji na kuanza kumsugua kama anayesinga. Akaimba. Sisi nje tulisikia wimbo wa kumtoa bibi harusi, sauti yake nzuri ikipanda, halafu vigelegele, kimoja, kingine, na kingine.

Afisa alisimama. Sijawahi kuona watu wengi wakiacha kupumua kwa pamoja namna ile. Askari mmoja akanguruma, "Nani nafurahi hapa? Nani huyo nafurahi?" Baba alikwenda akapiga magoti kwenye nyasi, mikono ameikunja kifuani.

"Afande, nihurumie. Ni mama yangu. Ni mzee, kichwa chake kimeharibika. Ni mwehu, afande."

Afisa alimtazama. Alikuwa analia, jambo ambalo sikujua wanajeshi wanaliweza. "Chukua mama yako," akasema. "Peleka yeye nyumbani. Mimi sitaki kuona yeye tena."

Bibi alitolewa mikono ikidondoka maji, anauliza kwa nini harusi hii haina biriani. Nami, rafiki yangu, nilijitenga naye. Garini nilisogea dirishani ili asinishike.

Tangu siku ile chumba cha nyuma kilitiwa kufuli. Mwanzoni ilikuwa hofu, na hofu ile siilaumu, watu walikuwa wanachukuliwa kwa madogo kuliko hayo. Tuliambiwa tuseme Bibi amekwenda Mombasa kwa ndugu zake. Lakini haukupita muda yule afisa alihamishiwa mbali, sote tukasikia, na kufuli halikutoka. Hofu ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa aibu, watu wasimwone mama wa fundi akiimba ovyo na kujikojolea.

Wanafunzi wake walikuja kuuliza. "Jjajja atarudi rini?" alisema mkubwa wao, aliyekuwa Mganda, bibi kwake ni Jjajja na lini ni rini. "Mwambieni atuletee karafuu maiti, hapa imeisha." Mimi nilikuwa hodari wa uongo ule. Nilisema Bibi anakula samaki kila siku, nilisema amenenepa, nilisema ametuma salamu. Walizipokea salamu kwa mikono miwili. "Kale, haya, bambi, tunashukuru."

Na Bibi alikuwa anasikia. Kukilia msiba mtaani alivaa kanga zake mbili, akasimama nyuma ya mlango. "Nifungulieni, wanangu. Maiti hangoji." Alipiga mlango kwa viganja, taratibu, bila hasira, mtu anayebisha hodi kwa watu wenye adabu. Mama aliongeza sauti ya redio. Mimi nilitwanga karanga kwa nguvu hata kama zilikwisha kulainika.

Alifariki asubuhi moja tukiwa tunamenya matoke. Mama alitoka chumbani, akakaa chini penye maganda, hakulia. Baba akazunguka nyumba nzima akarudi pale pale. Maiti wa kike aoshwe na wanawake, na ndani ya nyumba ya mwoshaji hapakuwa na mwanamke aliyejua hata pa kuanzia. Mwishowe akanishika mkono tukaenda mtaa wa pili.

"Njoo umwoshe mama yangu," alimwambia yule mkubwa wa wanafunzi.

"Amerudi rini?"

"Hakwenda," baba akasema.

Mwanamke yule alisimama. Alifunga kitambaa kichwani, akapita kuwaita wenzake, wakaja na sabuni zao za sandukuni. Walikaa ndani muda mrefu. Waliviona viganja vya Bibi vilivyoota sugu nyeusi, nywele ambazo hazikusukwa, na mengine ambayo sitakuandikia. Mwoshaji hasimulii alichokiona juu ya maiti, ndiyo sharti la kazi ile, na nani aliyewafunza sharti hilo kama si yeye? Hawakusema kitu, siku ile wala miaka yote iliyofuata. Ni yule mkubwa tu, wakati wa kutoka, aliyemshika mama mabega yote mawili.

"Tungekuja, mwanangu," alisema. "Hata kama hatujui la kufanya, tungekuja kukaa naye."

Mama akalia hapo.

Siku hizi pale kwetu pamesimama jengo la maduka, na ukimtaka mwoshaji unapiga simu, anakuja msichana mwenye glavu. Wale wanawake watatu wamekwisha kuoshwa wote. Husema watu kwamba kumbukumbu za utotoni ni tamu, nami nazikumbuka kengele na matoke kwa utamu wake. Lakini ninachokililia hakikuwahi kuwapo. Ni zile Ijumaa zote ambazo Bibi angeketi barazani, hajui jina la mtu, anamwimbia bibi harusi mmoja baada ya mwingine, na wenzake wanaitikia vigelegele na kumjazia kahawa. Walikuwa mtaa wa pili tu.